Fomu ya msaada wa mafuriko inayojazika kwa simu yenye chaji asilimia 6

Aprili 2024 Rufiji ilivyojaa maji, mama mdogo alinipigia kwa namba ngeni. Nikamsalimia shikamoo, akaitika marahaba haraka haraka maana simu haikuwa yake, akaniambia mwanangu hapa tupo veranda ya shule, kuna linki imetumwa kwenye grupu la kijiji wanasema kila mtu ajaze aandikishwe msaada, mi naona kiduara kinazunguka tu na mwenye simu anaitaka simu yake. Nikamwambia nitumie hiyo linki nijaze mimi. Sasa mi niko Dar, nina kompyuta, mtandao wa ofisini haukati, na kazi yangu ni hizi hizi za kutengeneza mifumo, lakini bado ilinichukua karibu saa nzima, kwa sababu kila ukurasa ulikuwa na swali ambalo lazima nimpigie tena nimuulize, na nikipiga anapokea mwenye simu. Kurasa sita. Ya sita ikagoma kwa sababu sijaweka picha ya kitambulisho. Kitambulisho kimeenda na maji pamoja na kabati, ndo maana tunaomba msaada jamani.

Waliotengeneza ile fomu siwataji, na wala sidhani walikuwa na nia mbaya. Waliitengeneza kwenye laptopu, wakaijaribu kwenye laptopu, bosi akaiona kwenye projekta akasema safi. Toka siku ile nimekaa na vikundi kadhaa vya kujitolea tukirekebisha fomu za aina hii, kwa hiyo naandika hapa tunavyofanya, kwa yeyote ambaye mvua zijazo ataambiwa "hebu tutengenezee kitu watu wajiandikishe."

Kwanza, mjue anayeshika simu

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kodi ya programu chukua karatasi uandike mtu wako ni nani. Wangu mi huwa hivi: ni mama wa miaka 50 na kitu, yupo kwenye shule au kanisa au msikiti walikohifadhiwa, simu ni ya jirani, ina ufa upande wa chini, chaji asilimia 6, umeme umekatika toka juzi, bando lililobaki ni la WhatsApp tu, mikono ina maji, jua linawaka, na pembeni kuna watu wanne wanaisubiria simu hiyo hiyo. Kila unachotaka kuweka kwenye fomu mwulize huyo mama kwanza. Logo kubwa ya taasisi inayozunguka? Muulize. Picha za viongozi wakikabidhi magodoro? Muulize.

Hapo kwenye bando pasikupite. Watu wengi hununua vile vifurushi vya mitandao ya kijamii pekee, kwa hiyo meseji ya WhatsApp inaingia, linki anaiona, ila akiibonyeza haifunguki kwa sababu tovuti yako haipo kwenye kile kifurushi, na hakuna mahali inapomwambia hivyo, yeye anaona tu kiduara. Ndicho kilichompata mama mdogo, nilikuja kugundua baadaye kabisa.

Apu? Hapana

Mkutano wa kwanza lazima kuna mtu atasema tutengeneze apu. Mkatalie kwa upole. Mtu aliyepoteza nyumba jana hatapakua MB 30 ili akuombe sufuria, na simu yenyewe imejaa, hadi afute picha ndo apu iingie, na picha ndo kitu pekee kilichobaki cha ile nyumba. Apu inawafaa watu wako wa ugani wanaozunguka kuandikisha, hao wana simu za kazi na wanaitumia kila siku. Kwa mwananchi weka ukurasa mmoja wa kawaida wa tovuti, na pembeni yake namba ya kupiga kwa kitochi, hiyo nitaifikia.

Ukurasa uwe mwepesi kweli kweli. Tarehe 25 Aprili mwaka ule Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kuwa mvua za El Niño zimeua watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000. Chukua hizo kaya 51,000, kila moja ifungue ukurasa wako mara moja tu, na ukurasa uwe na MB 4 kama saiti nyingi zilivyo siku hizi, hapo umewamalizia watu waliofilisika zaidi ya GB 200 za bando. Ukurasa wa KB 100 unafanya kazi ile ile. Namna ya kufika huko si uchawi: toa picha zote, tumia fonti iliyomo ndani ya simu tayari, usipakie maktaba kubwa za JavaScript, yaani ile kodi inayotembea ndani ya brauza, kwa ajili ya kuchagua tarehe tu, na hakikisha fomu inatumika hata kama JavaScript haijafanya kazi, maana wapo wanaotumia brauza ya Opera Mini kwenye hali ya kubana data, na huko vikorombwezo vyako vingi havitembei. Pia ziko simu za kitochi zenye intaneti kama ile Smart Kitochi iliyotoka 2019, ile ina kioo kidogo cha 240 kwa 320 na haina tachi, mtu anatembea kwa vitufe vya mishale. Fomu yako ikipita hapo imepita kote.

Maandishi yawe meusi kwenye nyeupe. Ile rangi ya kijivu hafifu ambayo wabunifu wanaipenda, juani haionekani kabisa. Ukubwa wa herufi kwenye visanduku usipungue pikseli 16, chini ya hapo iPhone inavuta ukurasa wenyewe kila ukigusa kisanduku na mtu anapotea hajui yupo wapi. Vitufe viwe vya kubonyezeka kwa dole gumba lenye maji, urefu wa pikseli 48 na kuendelea, na usikigandishe kitufe cha kutuma chini kabisa ya skrini, maana pale chini ndo kwenye ufa.

Maswali: hapa ndo fomu nyingi zinafia

Fomu ile ya mama mdogo ilikuwa na maswali 43, nilihesabu. Dini ilikuwemo, kiwango cha elimu kilikuwemo, na "chanzo kikuu cha mapato ya kaya kwa mwezi" pia. Sielewi mtu anayehitaji maji ya kunywa leo elimu yake inamhusu nani, ila najua yanavyoingia, kila idara kwenye kikao inaongeza swali lake moja la muhimu.

Gawa maswali mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo bila kuyajua huwezi kumfikishia kitu leo: jina, yupo wapi sasa hivi, wako wangapi na wadogo wangapi, wanahitaji nini kwanza, namba ya kumpata. Matano. Hayo ndo yanakaa kwenye fomu ya simu. Mengine yote yasubiri, afisa wako atayauliza akifika pale akiwa na daftari au tableti, mtu ameshakula. Kwenye kikao watakubishia. Waambie kila swali linaloongezwa lina watu wataishia hapo hapo na kuacha, kisha muulize aliyeleta swali jibu lake atalifanyia nini wiki hii. Wengi huwa wananyamaza.

Sasa kila swali na shida zake.

Jina. Usimlazimishe majina matatu kwenye visanduku vitatu, weka kisanduku kimoja kirefu. Kama msaada utaenda kwa njia ya simu uliza pia jina linalotokea ukituma hela kwenye hiyo namba, maana toka usajili wa laini kwa alama za vidole familia nyingi zina laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au shemeji, na ukitegemea majina yafanane utawatupa nje wenye shida ya kweli.

Namba ya simu. Kubali ilivyoandikwa. Mtu ataandika kwa kuanza na 07, mwingine 255, mwingine +255 na nafasi katikati, mwingine ataweka vistari. Kuisafisha ni kazi ya kompyuta yako, mistari mitatu ya kodi, usimgombeze mtu. Kwenye kisanduku weka type="tel" ili kibodi ya namba ifunguke yenyewe, kitu kidogo hicho lakini kwenye simu ya ufa kinaokoa dakika. Halafu usiweke sheria ya simu moja ombi moja! Nimeona hii mahali na ilikuwa balaa, watu kumi wanatumia simu moja, wa kwanza anaandikishwa, tisa wanaambiwa "tayari umejisajili."

Kitambulisho. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, hakuna binadamu anayeikariri akiwa kwenye maji. Kama lazima uiulize iwe ya hiari, na uweke njia nyingine wazi: kadi ya mpiga kura, au jina la mwenyekiti wa kitongoji anayemfahamu, maana kijijini ndo kitambulisho halisi, mwenyekiti anajua nani alikuwa anakaa wapi na nyumba ipi imeenda. Kama mtu anayo NIDA na ameiandika basi usimuulize tena tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yake hiyo hiyo, mwaka mwezi siku. Na kama lazima umri, uliza "una miaka mingapi", usimpe ile kalenda ya kusogeza mwezi mmoja mmoja toka 2024 hadi 1962.

Mahali. Orodha ya mikoa 31, kisha wilaya, kisha kata, kisha kijiji, kila moja ikipakia upya kutoka sava, yaani kompyuta inayotunza tovuti, hiyo ni adhabu. Mafuriko yako Rufiji, sasa kwanini Kigoma na Mjini Magharibi ziko kwenye orodha? Weka kata zilizoathirika tu, Muhoro, Chumbi, Utete, yaani vile vitufe vichache, na "kwingine" chini yake. Kisha kisanduku kimoja cha kuandika kwa maneno yake: "nyuma ya shule, karibu na mashine ya kusaga". Dereva wa lori la unga ataelewa hiyo kuliko namba za GPS. GPS yenyewe iwe kitufe cha hiari, usiiombe ukurasa ukifunguka tu, maana simu inatoa onyo lake la kutisha na mtu anafunga. Na uliza yupo wapi SASA, tofauti na nyumbani kwake. Pale Hanang, matope yaliposhuka kutoka mlimani tarehe 3 Desemba 2023 yakaingia Katesh na Gendabi na Jorodom, watu walihamia kambini na wengine kwa ndugu, ukimpelekea mtu godoro kwenye anwani ya nyumba yake unalipeleka kwenye tope.

Mtandao utakatika, panga hivyo

Usijenge ukitegemea mtandao upo. Minara inakosa umeme, jenereta zinaisha mafuta, na ile inayobaki inabeba watu wote wa wilaya wanaopigiana kuulizana mko salama.

Kila mtu akimaliza kisanduku, hifadhi alichoandika ndani ya simu yenyewe hapo hapo. Akirudi baada ya saa mbili simu imechajiwa kibandani akute alipoishia. Lakini kumbuka simu ni ya jirani, kwa hiyo akishatuma futa kila kitu, na weka kitufe kinachoonekana cha "Anza upya kwa mtu mwingine", la sivyo wa pili atatuma akiwa na jina la wa kwanza.

Akibonyeza tuma na mtandao hakuna, usimtolee maneno mekundu ya kosa. Mwambie "Imehifadhiwa kwenye simu hii, itajituma mtandao ukirudi, usifunge ukurasa huu", na iwe kweli inajituma. Kila ombi lipewe namba yake ya kipekee likiwa bado ndani ya simu, ili hata likitumwa mara nne, maana mtu atabonyeza tu mara nne, nani asingebonyeza, sava yako iwe inalihesabu mara moja tu.

Picha ndo mtihani mkubwa. Kamera za siku hizi zinatoa picha ya MB 4, MB 5. Ibane ndani ya simu kabla haijatoka, KB 150 inatosha kabisa kuonyesha ukuta ulioanguka. Tuma maandishi kwanza, picha ifuate peke yake nyuma, ikishindwa isiangushe ombi zima. Kuna jingine ambalo lilitusumbua wiki nzima kabla hatujalielewa: kwenye simu zenye memori ndogo, mtu akibonyeza "piga picha" kamera inafunguka, simu inaona nafasi haitoshi inaiua brauza kimya kimya, akirudi fomu imekuwa tupu, mtu anadhani amekosea yeye. Suluhisho ni kuhifadhi kila kitu sekunde ile kabla kamera haijafunguka. Ukitaka kuwa salama zaidi usiombe picha kabisa siku za mwanzo, picha ya tathmini atakuja kupiga afisa.

Na hizo kodi za uthibitisho za tarakimu sita zinazotumwa kwa meseji. Kwenye msongamano meseji inaweza kuchelewa hata nusu saa, kodi yako inakufa baada ya dakika mbili. Kwa kuandikisha tu hauhitaji. Hakiki namba siku ya kulipa.

Kitochi: menyu ya nyota na reli

Hii ndo sehemu ambayo madevelopa wanaiona ya kizamani na ndo inayofika mbali kuliko zote. Hakuna mtu Tanzania asiyejua *150*00# ya M-Pesa na ndugu zake, mama lishe, bodaboda, babu yangu, wote wanatembea kwenye zile menyu macho yamefumbwa. Haihitaji bando, haihitaji simu janja, wala haihitaji chaji ya kuwasha skrini kubwa. Ukimwekea mtu msaada kwenye njia ambayo vidole vyake vinaijua tayari, hauhitaji kumfundisha.

Masharti yake ni haya. Skrini moja inabeba herufi 182 tu, kwa hiyo kata maneno bila huruma. "Karibu katika Mfumo Jumuishi wa Usajili wa Waathirika" imeshakula herufi zaidi ya 50 na hujasema kitu. Anza na swali moja kwa moja: "Uko wapi? 1 Muhoro 2 Chumbi 3 Utete 4 Kwingine". Muda nao ni mfupi, ukichelewa kujibu inakata, kwa hiyo hatua tano na isizidi hapo, na kila jibu lihifadhiwe likifika. Akipiga tena umuulize "Uendelee ulipoishia? 1 Ndiyo 2 Naandikisha mwingine". Usimwambie aandike sentensi kwenye kitochi, mpe namba za kubonyeza tu. Jina ndo pekee ataandika.

Ila namba fupi haipatikani siku ya mafuriko. Inapitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha kila kampuni ya simu kivyake uunganishwe nayo, na kila mmoja ana makaratasi yake. Masika inaanza Machi, vuli inaanza Oktoba. Kazi hii ifanye Julai, Agosti, wakati wa kiangazi ambapo hakuna anayeikumbuka. Katika maongezi hayo hayo na kampuni za simu waombe pia namba isimkate mtu salio, na ile tovuti yako ifunguke hata bila bando. Ukienda kuomba na maji yameshaingia ndani utajibiwa vizuri sana, ila wiki mbili baadaye.

Meseji za kawaida nazo usizidharau. Haiti 2010 baada ya tetemeko, watu walikuwa wanatuma meseji ya bure kwenda 4636, kwa Krioli yao, wanaandika tu nipo mtaa fulani, kuna mtu chini ya kifusi, na Wahaiti walioko nje ya nchi wakawa wanatafsiri usiku na mchana, taarifa zinawekwa kwenye ramani ya mtandaoni ya Ushahidi, ambayo ilizaliwa hapo Kenya 2008 baada ya vurugu za uchaguzi. Na Marekani pamoja na utajiri wote, mtu akitafuta mahali pa kujihifadhi anaweza kuandika neno SHELTER na namba ya posta ya eneo lake akatuma kwa meseji kwenda 43362 ya FEMA, shirika lao la serikali la maafa. Kwa hiyo anayekuambia meseji zimepitwa na wakati mwambie aongee na FEMA.

Mitego miwili ya meseji. Wa kwanza: meseji moja ni herufi 160, lakini ukiweka emoji moja, au alama yoyote nje ya zile za kawaida, inashuka hadi 70, na meseji yako inakatwa vipande vitatu unalipia vitatu. Kiswahili hakina herufi za ajabu kwa hiyo tuna bahati, isipokuwa kwenye ng'. Ukiandika ujumbe kwenye Word, ile koma ya juu inajikunja yenyewe, na hiyo iliyojikunja haimo kwenye herufi za kawaida. Neno "ng'ombe" moja lilitupandishia bili maradufu, tulitafuta kosa siku mbili. Wa pili: ukituma meseji yenye jina la taasisi badala ya namba, mtu hawezi kuijibu. Nimeona meseji imeandikwa "jibu NDIYO kuthibitisha" imetoka kwa jina, watu wanajibu, haiendi, na mwisho wa siku wakahesabiwa hawakuthibitisha. Aibu.

Lugha

Andika kama unavyoongea na mtu mlangoni. "Wasilisha" iwe "Tuma". "Idadi ya wanakaya" iwe "Mko wangapi nyumbani kwenu". "Mnufaika" lifute kabisa, hakuna mtu anajiita mnufaika. Na makosa: ile "Ingizo batili" imtaje nini hasa, "Namba ya simu ina tarakimu 9, inatakiwa 10, angalia tena". Kitu kikikosewa mrudishe kwenye kile kisanduku chenyewe, na vingine vyote vibaki vilivyojazwa. Kuna fomu inafuta kila kitu ukikosea kimoja, aliyeitengeneza sijui alilelewa na nani.

Pia weka sauti kama unaweza, kipande cha sekunde 30 cha mtu akieleza jinsi ya kujaza, kibanwe kiwe kidogo, kitembee kwenye WhatsApp. Wapo wasiosoma na wapo wanaosoma ila miwani imeenda na maji. Hiyo hiyo sauti ipeleke redio ya jamii.

Matapeli

Maji yakiingia tu matapeli nao wanaingia. Watu wetu wameshachoshwa na "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo linki yako ikifika bila maelezo mwenye akili atadhani ni wao, na asiye na habari atakuja kubonyeza ya kwao akidhani ni yako. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya swali la kwanza, andika mistari miwili: sisi ni nani, kujiandikisha ni bure, hatutakuuliza namba ya siri hata siku moja. Tumia jina la tovuti lenu la siku zote, usinunue jipya la ajabu ajabu kwa ajili ya tukio, na usitumie linki zilizofupishwa. Kisha mwenyekiti wa kijiji atangaze kwa mdomo, hiyo ndo stempu.

Na taarifa za watu zitunze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, na ukiacha sheria, orodha ya majina na namba za simu za watu waliofilisika ndo kitu tapeli anachokiota. Niliona orodha ya namna hiyo ikizunguka WhatsApp kama faili la Excel, na namba za NIDA ndani. Usikubali.

Baada ya kutuma

Mtu akishatuma mpe namba fupi ya ombi. Herufi na tarakimu zisizochanganyana, ondoa O na sifuri, ondoa I na moja, kwa sababu ataiandika kwa mkaa ukutani au atamsomea mtu kwenye simu inayokwaruza. Sita zinatosha. Itume pia kwa meseji kwa sababu ukurasa utafungwa.

Kisha tengeneza sehemu ya kuuliza "ombi langu limefika wapi", kwa kitochi na kwa tovuti. Simu zinazopigwa kwenye dawati la msaada, kwa nilivyokaa pale, nyingi ni hiyo moja tu. Na majibu yawe ya kweli. "Linashughulikiwa" kwa wiki tatu ni matusi. Sema "Limepokelewa, lori la kata yako linategemewa Alhamisi", na lisipokuja Alhamisi tuma meseji useme halijaja.

Mruhusu mtu mmoja kuandikishia wengi. Mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, kijana mwenye simu nzuri, hao ndo watakaojaza nusu ya fomu zako upende usipende, kwa hiyo wawekee njia yao: akishajaza eneo mara moja lisimuulize tena, aongeze nyumba moja baada ya nyingine hata bila mtandao, atume zote jioni akipanda mahali penye network.

Kujaribu

Usiijaribu ofisini. Chukua simu ya bei ya chini kuliko zote dukani, au azima ya mlinzi, weka laini yenye salio dogo, punguza mwanga wa skrini, nenda nje saa saba mchana, lowesha mikono, na umpe mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo fomu. Wewe funga mdomo. Usimwambie "bonyeza hapo", angalia tu anakwama wapi na uandike. Katikati zima data, uwashe tena. Mpigie simu akiwa anajaza. Mi nilimpa mama mdogo alivyokuja Dar, akafika kwenye swali la tatu akaniuliza "hiki cha kijani ndo natuma au napokea?" Tulikuwa tumeshindania rangi ya kile kitufe siku nzima, na maneno yaliyokuwa juu yake hakuna aliyeyaangalia: "Endelea/Maliza". Tukaandika TUMA OMBI.

Siku ukifunga uandikishaji usiuzime ukurasa ukaacha watu wanakutana na maandishi ya kosa. Acha ukurasa, toa maswali, andika tarehe mliyofunga, na aliyechelewa aende kwa nani, ofisi ipi, saa ngapi, maana ile linki itaendelea kuzunguka kwenye magrupu miezi sita mbele, na kuna mtu chaji yake imerudi leo.